Pilipili Chini ya Maji

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha kikundi cha wavuvi leo, hapa gatini Mtongwe. Nilijua kuna jambo tangu nilipoingia, maana walinyamaza. Watu hawanyamazi bure.

Mwenyekiti wetu, Mama Milcah, alisimulia yaliyoipata boti yetu, Subira, juma lililopita. Ilikuwa ikirudi na samaki, mkondo ukaivuta hadi kwenye njia ya meli kubwa. Mashine inanguruma, boti haiendi. Meli ya makontena ikapita karibu nao mno, hata mwanawe Mama Milcah, aliyekuwamo, akamwona baharia juu kule anakunywa chai. Mama alisimulia yote hayo bila kupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Kisha wakaipindua Subira mchangani tuone tumbo lake. Chaza, kome, na yale makombe madogo meupe yanayoganda kama upele na kumkata mtu nyayo. Hapakuwa na pa kuweka kidole. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiivuta nyuma, walisema.

Wote wakanitazama mimi. Mimi ndiye fundi wa boti wa kikundi tangu binti yangu Cindy akibebwa mgongoni, na sasa ameolewa. Nikaeleza kuwa boti imechoka. Nikaeleza pia kuwa huenda kuna mtu anayapanda makombe hayo makusudi. Hakuna aliyeuliza ni nani. Mtu asiye na hatia angeuliza.

Hapo akasimama Nduku. Huyu ni mwanamke wa Machakos, alikuja pwani kupaka meli rangi, kazi ikaisha, akajiunga nasi. Akasema kwa heshima (nyingi kupita kiasi) kwamba "hii kitu" inatibika. Kuna rangi ya bahari iliyotiwa shaba, makombe hayaipendi, naye ana mkebe wake nyumbani. "Hii kitu"! Mtu hajui kusema kitu hiki, apewe boti?

Mimi nikasema nina dawa yangu, bora kuliko hiyo. Sikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Mama Milcah akakata shauri. Kazungu, mlinzi wa gati, atatukatia mbao mbili zinazofanana. Kila mmoja apake wake atakavyo, ziangikwe chini ya gati hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Hakuna kuzivuta kabla ya siku hiyo. Ubao utakaotoka msafi, mwenye ubao ndiye fundi.

Nduku alinipa mkono. Mkono ulikuwa mkavu. Mtu mwaminifu hutoka jasho kidogo.


Jumatano, 4 Juni

Nimepata! Cindy alipokuwa mdogo alinyonya kidole hadi tukakata tamaa. Nyamvula, mke wangu, akakipaka pilipili. Kidole kikaachwa siku hiyo hiyo. Kama mtoto wangu mimi, Changawa, alishindwa, kombe ni nani?

Nikavuka hadi soko la Kongowea. Sikununua kwa muuzaji mmoja, ili mtu asijue kiasi ninachohitaji. Huku kidogo, kule kidogo. Mama mmoja akauliza kama nina harusi. Nikasema ndiyo. Akauliza ya nani. Maswali ya nini hayo? Nikaondoka bila chenji.

Halafu mtu wa mkokoteni akanifuata. Nikikata kulia, yuko. Nikisimama, anasimama. Nikajificha nyuma ya rundo la kabichi. Akapakua viazi vyake mbele yangu na kuniomba nisogee, nimesimama penye nafasi ya tajiri wake.

Nimerudi nyumbani Bofu jua limezama, macho yanawasha. Ila siri imebaki siri.


Jumamosi, 7 Juni

Siku ya kutengeneza dawa. Nimechukua deheni ya wazee wa zamani, yaani mafuta ya ng'ombe na chokaa waliyopaka chini ya vyombo vyao, nikaongeza la kwangu, pilipili. Nyamvula alitwanga, mimi nikasimamia.

Tulipoweka sufuria motoni, moshi ulitoka ambao sijawahi kuuona. Wapangaji wenzetu wa plotini walikimbia na watoto. Jirani yetu, Baya, alikohoa kuliko inavyohitajika. Nikahesabu ule mpangilio wa kikohozi chake: kifupi, kifupi, kirefu. Nikatoka nikamuuliza anampelekea nani habari. Hakuweza kunijibu. Alikuwa akitapika.

Nyamvula akasema mafuta yayeyushwe kwanza kwa moto mdogo, pilipili itiwe sufuria ikishaepuliwa, isiungue ikapoteza ukali. Nilikuwa karibu kuliwaza hilo mwenyewe. Tukafanya hivyo, nikaona ni wazo langu zuri sana.

Dawa imetoka nyekundu, rangi ile ile ya mkebe wa Nduku. Vizuri. Hatajua nimetumia nini.

Jioni tukaziangika mbao. Yangu kamba yake nimeifunga kitambaa chekundu, kipande cha leso ya Nyamvula. Ya Nduku, kitambaa cha bluu. Alinitakia kila la heri. Sijalala vizuri kwa ajili ya neno hilo.


Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Nduku aliketi safu ya mbele yangu. Wakati wa sala alifumbua macho. Nina hakika kwa sababu yangu nilikuwa nimeyafumbua muda wote nikimchunguza. Aligeuka, tukatazamana, akatabasamu.

Baada ya ibada alimkumbatia Nyamvula na kuuliza kama kikohozi kimepungua. Nani alimwambia habari ya kikohozi? Nyamvula anasema Bofu nzima ilikohoa. Hilo si jibu.


Alhamisi, 19 Juni

Nimemshika!

Maji yamekupwa sana leo. Nilikuwa nimelala nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, nachunga gati, siafu wamenila. Mara namwona Nduku anaingia majini, leso kiunoni, moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Mikono yote miwili kwenye kamba yangu. Yangu, ya kitambaa chekundu! Alishughulika nayo kwa muda, kisha akatoka.

Nikajitokeza ghafla. Hakushtuka. Aliniamkia kabisa, "Shikamoo, mzee," ilhali tunazidiana miaka michache tu. Akasema kamba yangu ilikuwa inasuguliwa na chuma cha nguzo, ingekatika kabla ya siku kufika, kwa hiyo ameisogeza. Akanionyesha zile nyuzi zilizoanza kukatika.

Nyuzi nilizitazama. Kweli zilikuwa zimelika. Lakini nijiulize: mtu anamsaidia mpinzani wake kwa nini? Nimekaa na swali hili mchana kutwa na jibu ni moja tu. Alikuwa akiupandikiza ubao wangu makombe. Ana uzoefu wa meli, anajua yanavyoshikishwa. Lile la kamba ni la kunifumba macho.

Nilimweleza Nyamvula. Akaniuliza makombe hupandikizwa vipi. Nikamwambia hilo amuulize Nduku.


Jumanne, 24 Juni

Nina mpango. Nimeuzungusha kichwani siku nyingi na hauna tundu.

Ikiwa Nduku ameuharibu ubao wangu, basi ubao huo na uwe wake. Siruhusiwi kuvuta kamba, ni kweli. Lakini nani alikataza kugusa vitambaa?

Leo Kazungu alipokwenda kula mhogo, nikafungua kitambaa chekundu na kile cha bluu, nikavibadilisha. Kazi fupi. Sikuinua ubao hata mmoja, kwa hiyo sijavunja kanuni yoyote. Mtu akichimba shimo akaingia mwenyewe, mwenye kosa si mimi.

Kazungu alirudi mapema akanikuta nimesimama nguzoni. Akauliza ninafanya nini. Nikasema naangalia upepo unakotoka. Akasema hakuna upepo. Nikamwambia ndiyo, hilo ndilo nililokuwa nikiangalia.

Usiku huu nakula kwa hamu. Nyamvula ameuliza nimefurahia nini. Nimemjibu, "Haki."


Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianzie wapi.

Kikundi kizima kilikuja. Nilivaa shati la Krismasi. Mama Milcah akaanza na kamba ya kitambaa cha bluu, yaani ya Nduku, yaani yangu. Nikajiandaa kusikitika kwa niaba yake.

Ubao ukatoka majini msafi. Msafi! Utelezi kidogo wa kijani ukingoni, basi. Hakuna chaza, hakuna kome, hakuna hata kombe la ukubwa wa punje ya mchele. Watu wakasema "aah" kwa pamoja. Moyo wangu ulipanda juu kabisa, kisha ukakumbuka vitambaa.

Kamba ya pili, ya kitambaa chekundu, Kazungu alilazimika kusaidia kuivuta. Kilichotoka hakikuwa ubao tena. Makombe juu ya makombe, kome wamening'inia kama zabibu, kaa mdogo akatoka katikati akatutazama kisha akarudi ndani kwake. Wote wakanigeukia kama siku ile. Kisha wakampigia Nduku makofi.

Nduku hakufurahi. Aliuchukua ule ubao msafi, akaukwaruza kwa ukucha, akanusa, akapiga chafya. Akaukwaruza tena.

"Mama, huu si wangu," akasema. "Mimi sikutia pilipili. Mkebe wangu ulikuwa wa zamani, shaba yote ilikuwa imetuama chini, nilikuwa naogopa hivyo. Huu wa makombe ndiyo yangu. Hii kazi nzuri ni ya Mzee Changawa."

Hebu mtu yeyote anieleze. Ameshinda. Wamempigia makofi. Na anamrudishia mpinzani wake ushindi mbele za watu! Binadamu wa namna hiyo hayupo. Kwa hiyo ni mtego. Nikisema ubao ni wangu, swali litakalofuata ni nani alibadilisha vitambaa, na Kazungu alikuwa tayari ananitazama na upepo wake.

Mama Milcah akaniuliza taratibu kama ubao ule ni wangu.

"Si wangu," nikasema. "Wangu ni ule wa makombe. Naujua kama ninavyomjua mwanangu."

Akanitaka niulambe.

Niliulamba. Nilidhani majuma matatu baharini utakuwa umeupoza. Haukuwa umepoa. Ukali ulianzia ncha ya ulimi ukaenda masikioni. Nikasema sisikii kitu. Nilisema hivyo machozi yakinitiririka hadi kwenye kola ya shati. Mtu akauliza kwa nini ninalia. Nikaeleza kuwa nalia kwa furaha, kwa ajili ya Nduku.

Nyamvula alikuwa nyuma ya watu. Alinitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua, akihesabu kama inafaa kusuguliwa au kutupwa.

"Changawa," akasema Mama Milcah, "mwanangu alikuwamo mle botini. Kuanzia leo usiiguse Subira."

Nikatembea hadi nyumbani. Maji niliyokunywa hayakusaidia kitu.


Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Ulimi umevimba.

Nililala kitandani nikitazama mabati na wazo moja likinijia tena na tena. Ilifanya kazi. Dawa yangu ilifanya kazi! Maisha yangu yote nimejaribu mambo. Mtego wa kaa ulionasa kuku wa Baya. Kuvua kwa redio. Hili moja limefanya kazi, zuri kuliko rangi ya meli, watu wameliona kwa macho yao, wakapiga makofi. Na sina wa kumwambia. Nilitaka kumwambia Nyamvula, alikuwa amekwenda ibadani. Niliwaambia mabati.

Nilikaribia kulia tena, safari hii bila pilipili.

Mchana Nduku akabisha hodi. Alikuja na papai. Alikaa, akasema hataki kujua vitambaa vilihama vipi. Amemwambia Mama Milcah hawezi kuchukua kazi kwa sifa isiyo yake. Ombi lake ni kwamba tufanye pamoja: mimi nitengeneze dawa, yeye apake, maana kupaka anakujua. Mama amekubali kulifikiria nikisema ukweli. Wanaume wanaotoka na Subira wanaogopa kwenda baharini, na nyumba zao zinangoja.

Alisema vizuri. Kwa kitambo nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Kisha nikaliona papai. Limeiva sawasawa, halina hata doa. Nani humletea mtu papai kama hilo bila sababu? Anataka dawa. Nikamwambia sijui habari ya dawa yoyote, na kwamba pilipili inanidhuru.

Alishukuru kwa chai akaondoka. Papai nililizika. Nyamvula amelifukua, ameliosha na kulila akinitazama.


Jumatano, 2 Julai

Msiba nyumbani. Nimerudi kutoka Miritini, nilikokwenda kutafuta kazi ya kulinda malori (hawakunitaka, nilimwuliza bosi maswali mengi), nikakuta moshi. Moshi ninaoufahamu. Baya yuko nje na mdomo wake umefungwa taulo, lakini safari hii anacheka.

Jikoni: Nyamvula na Nduku. Sufuria katikati. Mke wangu anamweleza mtu wa Machakos kuhusu moto mdogo na kuepua kwanza!

Nikauliza nani amempa ruhusa ya kutoa siri yangu. Nyamvula hakuinua macho kwenye mwiko.

"Nani alitwanga?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ndiye niliyesimamia. Akasema basi niendelee kusimama, ila nje, ninaziba mwanga.

Ameshakwenda kwa Mama Milcah. Amesema yote: dawa, leso iliyochanwa, na kwamba mumewe ana moyo mzuri ila macho yake hayalali. Hilo la moyo nimelisikia kupitia dirisha. Sijui alikuwa na maana gani nalo.


Jumamosi, 9 Agosti

Sijaandika muda mrefu. Nilikuwa kazini. Kazi yangu ilikuwa kuwachunguza.

Waliikwangua Subira, wakaipaka matabaka mawili, Nduku na Nyamvula, wakaiteremsha. Leo wameipindua mara ya kwanza tangu siku hiyo. Niliangalia kutoka nyuma ya mtumbwi. Tumbo lake jekundu, laini, safi kuanzia mbele hadi nyuma. Mwanawe Mama Milcah anasema juzi mkondo ulikuwa mkali kuliko siku ile, na waliukata wakirudi kama hakuna kitu. Mama Milcah aliuweka mkono wake kwenye tumbo la boti na kuuacha hapo. Aliuacha muda mrefu. Nilifurahi, nakiri. Kidogo.

Halafu wakaniita. Walijua niko wapi, wote, na sijui ni nani anayewapa habari. Mama Milcah akasema yaliyopita yamepita. Boti nyingine za Mtongwe zinataka kupakwa, hadi upande wa pili wa mkono wa bahari, na wale wawili hawatoshi. Nduku akasema dawa ilitoka kichwani mwangu na ni haki jina langu liwemo. Nyamvula akanisogezea brashi.

"Njoo, Baba Cindy," akasema. "Tunakuhitaji."

Watu wote walikuwa wakitabasamu. Hata Kazungu.

Nilitazama brashi. Ilikuwa mpya, haijaguswa na mtu. Nikawaza: watu niliowafanyia yale, wananihitaji kwa nini? Kuna nini chini ya boti hizo nyingine? Nani atalaumiwa zikizama? Nikaelewa yote kwa mara moja. Nikashukuru kwa adabu, nikasema mgongo unaniuma, nikaondoka nikichechemea. Kona ya kwanza nikageuka kuona kama wananifuata. Hawakunifuata. Wajanja sana.

Sasa nina dawa mpya, ambayo Nyamvula hataiona. Kitunguu saumu. Nitakipika mwenyewe, ufukweni, dirisha lisiwepo. Nimemwomba Kazungu anikatie ubao mmoja na nimemwapisha asimwambie mtu. Amenikatia pale pale, akaukwangua vizuri, hakutaka hata ahsante. Akanitakia baraka za Mungu.

Kesho naanza kumchunguza Kazungu.